Nzi Mgeni wa Maembe: Uchambuzi wa Kisa cha Vielelezo Vilivyosafirishwa Kati ya Maabara, 2003–2015

Mwaka 2003 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Kasarani jijini Nairobi, walimkuta katika pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye hakuwa miongoni mwa wale waliozoeleka katika maembe ya Afrika Mashariki. Nzi wenyeji, hasa Ceratitis cosyra, hutambulika kwa mabawa yenye mikanda ya manjano na kahawia. Huyu alikuwa na mabawa maangavu, yenye utepe mwembamba wa rangi iliyokoza kwenye ukingo wa mbele, na umbo lake lilimweka katika kundi la Bactrocera dorsalis, kundi la nzi wa Asia lenye spishi nyingi zinazofanana kiasi cha kuwachanganya hata wataalamu. Mwaka huohuo alikutwa Tanzania, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakatoa taarifa yake mwaka uliofuata. Haikuchukua miaka mingi akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Mwaka 2005 Richard Drew, Kenji Tsuruta na Ian White walimpa jina la spishi mpya, Bactrocera invadens, baada ya kumfananisha na nzi waliopatikana Sri Lanka. Muongo mmoja baadaye jina hilo liliondolewa: kundi kubwa la wataalamu, wakiongozwa na Mark Schutze wa Australia, lilionyesha kwamba nzi huyo ni Bactrocera dorsalis yuleyule wa Asia aliyejulikana miaka mingi. Kati ya kutolewa kwa jina na kuondolewa kwake, maabara za mabara manne ziligawana vielelezo vya aina hiyo moja ya mdudu, vingine vikavu kwenye pini, vingine ndani ya spiriti, na vingine hai kabisa.

Ninakichambua kisa hiki kwa upande wa vielelezo hivyo, kwa kuwa ndio upande unaosahaulika. Taarifa za kisayansi hueleza kilichoonekana chini ya hadubini, lakini hazielezi sana namna mdudu alivyofika chini ya hadubini hiyo. Hoja yangu ni moja: hali ambayo kielelezo kinasafirishwa nayo lazima iamuliwe na swali linaloulizwa, na mdudu hai asitumwe kokote ila pale ambapo mdudu mfu hawezi kulijibu swali hilo. Usalama wa usafirishaji una pande mbili, nazo haziachani. Upande wa kwanza ni kwamba kisichopaswa kutoroka kisitoroke. Upande wa pili ni kwamba kilichotumwa kifike kikiwa bado na uwezo wa kutoa ushahidi, kwa sababu kifurushi kilichofika salama kikiwa na vielelezo visivyotambulika kimebeba hatari ya bure.

Swali la kwanza: huyu ni nani?

Nzi wa kundi la dorsalis hutambuliwa kwa rangi na vipimo: weusi au wekundu wa mgongo wa kifua, mistari ya manjano pembeni mwake, alama nyeusi mfano wa herufi T juu ya tumbo, na urefu wa kifaa cha kutagia mayai cha jike. Nzi huyu mgeni aliwapa wataalamu taabu ya pekee, kwa sababu rangi ya mgongo wa kifua chake hubadilika sana hata miongoni mwa nzi waliotoka shamba moja, kuanzia kahawia yenye wekundu hadi karibu nyeusi tupu. Kielelezo kimoja au viwili havikutosha. Ilihitajika safu ndefu ya nzi wa jinsia zote mbili, waliokaushwa vizuri, wenye rangi zao kamili.

Hapo ndipo njia ya ukusanyaji inapoanza kuamua matokeo. Mtego uliozoeleka kwa nzi hawa hutiwa methili-eujenoli, mafuta yenye harufu inayowavuta madume kutoka mbali. Mtego huo ni mzuri mno kwa kugundua uwepo wa mdudu, lakini hauleti majike, na jike ndiye mwenye kifaa cha kutagia ambacho urefu wake hupimwa. Isitoshe, nzi waliolala ndani ya mtego kwa wiki nzima, katika joto na unyevu wa pwani, huwa wameoza nusu, wamepoteza miguu na kuota ukungu. Wanaokusanya kwa ajili ya utambuzi hawana budi kutoa mitego mapema zaidi kuliko wanaohesabu idadi tu, na pamoja na mitego hawana budi kukusanya matunda.

Kazi ya matunda inaeleweka vizuri ikitazamwa kwa karibu. Maembe yaliyodondoka au yenye matobo ya kutagiwa hupimwa uzito, huandikiwa namba, kisha hupangwa juu ya wavu wa waya ndani ya chombo cha plastiki ambacho chini yake kuna mchanga uliochomwa ili kuua viumbe vingine. Buu aliyekomaa hutoka ndani ya embe, hujikunja, hujifyatua na kuruka, kisha hujifukia mchangani ageuke kuwa pupa, yaani hatua iliyo kati ya buu na nzi mzima. Baada ya siku kadhaa mchanga huchekechwa, pupa wakahamishiwa kwenye kizimba kidogo, na katika joto la kawaida la maabara nzi wazima hutoka baada ya siku zipatazo 10. Hapa ndipo wengi huharakisha na kuharibu kila kitu. Nzi aliyetoka leo ni mlaini na wa rangi hafifu. Alama zake hazijajitokeza. Akiuawa siku hiyo, hukauka akiwa amenywea na kufifia, na mtaalamu wa ng'ambo atakayempokea hataweza kusema lolote la hakika. Inabidi alishwe sukari, maji na hamira kwa siku 3 hadi 5 mpaka rangi zikolee na mwili ukomae, ndipo awekwe kwenye friji ya kugandisha na kufa bila kujipigapiga.

Buu anayeruka ni hatari pia kwa usalama. Kifuniko cha chombo lazima kiwe kitambaa chenye matundu madogo kuliko kichwa cha buu, kilichobanwa kwa mpira pembeni pote, kwa sababu buu akipata upenyo hupenya, na akishajifukia kwenye vumbi la kona ya chumba atatokea akiwa nzi mwenye mabawa. Maembe yaliyokwisha kazi hayatupwi jalalani. Hugandishwa, huchemshwa, au hufungwa ndani ya mfuko mzito mweusi na kuachwa juani mpaka kila kilichomo kife. Tunda lenyewe halipaswi kusafirishwa kwenda maabara nyingine kwa hali yoyote, maana mtumaji hana namna ya kujua limebeba mayai mangapi, mabuu wa spishi ngapi na kuvu wa aina gani. Naona hii ni kanuni isiyopaswa kuwa na msamaha, hata kama maabara mbili ziko katika wilaya jirani.

Nzi mkavu aliyechomwa pini ndicho kielelezo salama kuliko vyote kwa upande wa kutoroka, na ndicho dhaifu kuliko vyote kwa upande wa kuvunjika. Mwili wake wa milimita 8 hivi hukauka ukawa mwepesi kama ganda la kitunguu, na kitu kibaya zaidi ndani ya sanduku la vielelezo ni pini moja iliyong'oka. Pini hiyo huzunguka ndani ya sanduku safari nzima na kukata vichwa na miguu ya nzi wote waliosalia. Sanduku linapofunguliwa, kilichobaki ni lebo zilizosimama na vumbi la kahawia chini yake. Kwa sababu hiyo pini huzamishwa kwa koleo hadi ndani kabisa ya sponji ngumu, vielelezo vizito huzuiwa kwa pini nyingine zilizopishanishwa kandokando, na vidonge vya nafthalini haviachwi vikiviringika ndani. Sanduku hilo dogo hufungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na silika jeli ya kufyonza unyevu, kisha huwekwa katikati ya boksi kubwa lenye vifyonza mshtuko pande zote sita. Boksi kubwa lisilo na sanduku la ndani ni mtego, hata likijazwa pamba namna gani.

Lebo husahaulika kwa urahisi, na bila lebo hakuna kielelezo. Mahali, vipimo vya ramani, tarehe, tunda alimotoka au aina ya mtego na kivutio, na jina la mkusanyaji huandikwa kwenye karatasi ndogo inayokaa kwenye pini ileile ya nzi, si kwenye kifuniko cha sanduku. Katika kisa hiki lebo zilikuwa na uzito wa pekee. Hoja ya kwamba nzi wa Afrika alikuwa mgeni kutoka Asia ilisimama juu ya ulinganisho wa nzi wa pwani ya Kenya na nzi wa Sri Lanka. Kama nzi wa safu moja wangechanganyika na wa safu nyingine mezani kwa mtaalamu, hoja yote ingeanguka.

Swali la pili: ametoka wapi, na ana undugu na nani?

Baada ya jina kutolewa, watafiti walitaka kujua njia ya uvamizi. Mwaka 2009 Fathiya Khamis na wenzake, katika ushirikiano wa icipe na maabara ya Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya nzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kutoka Sri Lanka. Swali lilikuwa limebadilika, na kielelezo kilipaswa kubadilika nalo. Nzi mkavu mwenye rangi nzuri aliyekaa mtegoni siku nyingi anaweza kuwa na vinasaba vilivyokatikakatika. Nzi aliyezamishwa papo hapo kwenye etanoli, yaani spiriti safi, hupoteza rangi lakini huhifadhi vinasaba. Mkusanyaji mwenye busara huyagawa mavuno yake siku ileile: baadhi kwa ajili ya pini, baadhi kwa ajili ya kichupa, vyote kutoka mtego au tunda moja na kwa namba moja, ili matokeo ya aina moja yaweze kusomwa pamoja na matokeo ya aina nyingine.

Etanoli ya kazi hii ni ya asilimia 95 kwenda juu. Ile ya asilimia 70 inafaa kwa kuhifadhi umbo, hasa la mabuu waliokwisha kuuawa katika maji ya moto sana ili wasigeuke weusi, lakini kwa vinasaba ni dhaifu. Spiriti ya dukani iliyotiwa rangi isitumike, kwa kuwa viambato vyake vinaweza kuvuruga kazi ya maabara. Mwili wa nzi una maji, na nzi wengi wakijazwa kwenye kichupa kidogo wanaishusha nguvu ya etanoli wao wenyewe. Kwa hiyo ujazo wa etanoli huwa mkubwa kuliko wa wadudu, na hubadilishwa baada ya siku ya kwanza. Lebo ya ndani huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na mpokeaji hupata nzi wazuri ndani ya kimiminika cha buluu na karatasi tupu.

Tatizo la etanoli ni ndege. Kwa sheria za usafiri wa anga hicho ni kimiminika kinachowaka, chenye namba UN 1170, daraja la 3 la bidhaa hatari, na kifurushi kinachokiuka masharti kinaweza kuzuiwa au kuharibiwa. Leo Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga kina kifungu maalumu, A180, kwa vielelezo vya utafiti visivyoambukiza. Kila kichupa kisizidi mililita 30 za etanoli. Vichupa huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa kwa joto, mfuko huo ndani ya mfuko wa pili wenye kitu cha kufyonza kimiminika, nao ukazibwa vilevile, kisha vyote ndani ya boksi imara lenye vifyonza mshtuko. Boksi zima lisizidi lita 1 ya kimiminika kinachowaka, na nje liandikwe maneno ambayo kifungu kinayataka, pamoja na namba ya kifungu chenyewe. Maabara nyingi huenda mbali zaidi na kumwaga karibu etanoli yote kabla ya kutuma, zikiacha vielelezo vikiwa na unyevu tu kwa siku za safari, kisha mpokeaji hujaza upya. Naipendelea njia hiyo. Inapunguza hatari ya moto na ya kuvuja, na nzi aliyekwisha kulowa vizuri kwa siku kadhaa hadhuriki kwa safari fupi.

Swali la tatu: je, wanaweza kuzaana?

Umbo na vinasaba vilionyesha kwamba nzi wa Afrika na dorsalis wa Asia wako karibu sana, lakini mashaka yalibaki, na hayakuwa ya vitabuni tu. Mbinu ya kuachia madume waliotasishwa, yaani wasioweza kuzalisha, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huiendeleza kwa pamoja, inategemea dume wa maabara kukubaliwa na jike wa shambani. Kama ni spishi mbili, dume wa moja ni hasara tupu kwa nyingine. Vilevile nchi inayonunua matunda huweka masharti kwa jina la spishi, na takwimu za tiba ya joto au baridi ya kuua nzi ndani ya matunda zilizokusanywa Asia kwa miaka mingi zisingeweza kutumika kwa jina jipya la Afrika bila kurudiwa upya.

Mradi wa utafiti wa mashirika hayo mawili, ulioanza 2010, uliingiza swali hili katika kazi zake, na majaribio ya kupandana kati ya nzi kutoka Kenya na dorsalis kutoka Asia yalichapishwa mwaka 2014. Nzi hao walipandana bila kubaguana, na watoto wao walikuwa wazima. Ushahidi huo uliunganishwa na wa umbo, vinasaba, kromosomu na kemia ya harufu katika hitimisho la mwaka 2015.

Swali hili nzi mfu asingeweza kulijibu. Kwa hiyo ni mfano sahihi wa pale ambapo hatari ya kusafirisha wadudu hai inakubalika, na uchaguzi wa mahali ulikuwa sehemu ya usalama wenyewe: makoloni, yaani jamii za nzi wanaofugwa maabara, ya asili mbalimbali hukutanishwa Seibersdorf, karibu na Vienna, katika nchi isiyo na miembe na yenye baridi ya kuua nzi wa nchi za joto kila mwaka. Ingewezekana kuwaza kwamba ni rahisi zaidi kuwaleta nzi wa Asia Nairobi na kuwajaribu hapo. Nadhani hilo lingekuwa kosa kubwa, na lingebaki kuwa kosa hata baada ya kuthibitika kwamba spishi ni moja. Nzi wa jina moja hawana lazima ya kuwa na vinasaba vya namna moja. Jamii ya nzi kutoka nje inaweza kubeba usugu wa viuatilifu au uwezo wa kustahimili baridi ambao jamii iliyokwisha kufika haina, na kuwatorosha ni uvamizi wa pili hata kama orodha ya spishi haibadiliki. Naisisitiza hoja hii kwa sababu baada ya 2015 ilikuwa rahisi kwa mtu kusema kwamba, kwa kuwa dorsalis yupo tayari, hakuna cha kulinda.

Nzi wa matunda husafirishwa wakiwa pupa. Pupa hali, hanywi, haruki, na ganda lake humkinga. Lakini umri wake unataka hesabu makini. Pupa wa siku za mwanzo wanadhurika kwa kutikiswa, kwa kuwa misuli ya kurukia bado inajengwa, na nzi watakaotoka wanaweza kuwa na mabawa yaliyolegea ambayo hayafai kwa jaribio la kupandana. Pupa waliokaribia kutoka wanastahimili mtikisiko, ila ndege ikichelewa au forodha ikifunga kwa mapumziko ya wiki, nzi wazima watatokea ndani ya boksi. Kati ya pande hizo mbili, mtumaji huchagua siku zinazomwachia nafasi ya kuchelewa isiyopungua muda wa safari yenyewe, na ikibidi kupoteza kitu, heri apoteze ubora wa mabawa kuliko kuacha nzi watoke njiani. Kifurushi kinachoondoka Ijumaa jioni hakina utetezi.

Pupa hupumua na kutoa joto, kwa hiyo chombo kisichopitisha hewa huwaua, na chombo kinachopitisha hewa kinaweza kupitisha nzi. Suluhisho ni tabaka. Pupa huchanganywa na vumbi la mbao kavu lililochemshwa na kukaushwa, katika tabaka nyembamba wasirundikane. Chombo cha ndani huwa kigumu, na tundu lake la hewa huzibwa kwa wavu mwembamba wa chuma uliogundishwa, usioweza kutafunwa wala kutoboka. Chombo hicho huingia kwenye mfuko wa kitambaa kizito kilichoshonwa, na mfuko kwenye boksi gumu lenye kikinga joto. Idadi iliyotumwa hukadiriwa kwa uzito au ujazo na kuandikwa, na mpokeaji huhakiki. Boksi hufunguliwa ndani ya chumba cha karantini chenye milango miwili isiyofunguliwa kwa pamoja, ndani ya kizimba, na vifungashio vyote huingia kwenye mtungi wa mvuke wa shinikizo kabla ya kutoka chumbani. Baadhi ya nzi wa kwanza wa koloni huhifadhiwa kwenye etanoli siku ileile, kwa sababu koloni hubadilika kadiri vizazi vinavyopita maabara, na pasipo ushahidi wa mwanzo hakuna anayeweza kujua baadaye kama makoloni mawili yalichanganyika.

Kisa hiki kina tawi moja ambalo linaonyesha ugumu huu kwa uwazi zaidi. Mwaka 2006 icipe ilipokea kutoka Chuo Kikuu cha Hawaii nyigu mdogo Fopius arisanus, ambaye hutaga ndani ya yai la nzi wa matunda na kutokea baadaye kwenye pupa wa nzi huyo. Nyigu ni rafiki wa mkulima, na kanuni za kimataifa za afya ya mimea zina kiwango chake, namba 3, kwa ajili ya kusafirisha viumbe wa namna hiyo. Lakini njia ya kumsafirisha ni ndani ya pupa wa nzi, na katika kundi lolote la pupa wapo ambao nyigu hakuwapata. Hao watatoka wakiwa nzi waharibifu wa nchi nyingine. Kifurushi cha rafiki, kwa hiyo, hufunguliwa kwa ulinzi uleule wa kifurushi cha adui: nyigu hutenganishwa mmoja mmoja, nzi huuawa, na ni kizazi cha nyigu kilicholelewa juu ya nzi wa nchini ndicho kinachofikiriwa kuachiwa.

Vibali

Sitaki kurefusha sehemu hii, lakini haiwezi kurukwa. Kibali cha kuingiza hutolewa na nchi inayopokea, na hupatikana kabla mtumaji hajagusa boksi. Kenya hushughulikiwa na KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea. Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Nakala ya kibali hubandikwa nje na nyingine huwekwa ndani. Tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana manufaa ya viumbe, ianze kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, maabara zinazogawana viumbe katika nchi wanachama zinapaswa pia kuzingatia ridhaa ya nchi walikotoka viumbe hao na mkataba wa matumizi, na sioni sababu ya kuuchukulia mkataba huo kama usumbufu: seti ya vielelezo inayobaki Nairobi au Morogoro ndiyo inayomwezesha mwanafunzi wa hapa kuhakiki alichosema mtaalamu wa London au Tervuren, Ubelgiji, bila kuomba nauli.

Posta haisaidii kwa wadudu hai wa aina hii. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani huruhusu nyuki, ruba, viwavi wa hariri, maadui wa wadudu waharibifu wanaobadilishana taasisi zinazotambuliwa, na nzi wa familia ya Drosophilidae kwa utafiti wa tiba. Nzi wa maembe ni wa familia ya Tephritidae, hayumo, na kumtangaza kwa jina la kijumla la nzi wa matunda ili apite ni udanganyifu ambao unaweza kuharibu imani kati ya maabara na maofisa wa mpakani kwa miaka mingi. Kinachochukiza zaidi ni desturi ya kubeba vichupa kwenye sanduku la nguo bila kusema kitu, kwa hoja kwamba wadudu wamekufa. Ofisa hana njia ya kulijua hilo kwa kutazama. Barua ya taasisi inayotaja spishi, idadi, njia ya kuua na njia ya kuhifadhi humpa njia hiyo, na huandikwa kwa nusu saa.

Uzito wa mambo haya ulionekana sokoni. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na haukurejea hadi 2021. Muda wote huo wakulima wa maembe walisubiri ushahidi wa kimaabara: mashamba gani yana mitego yenye nzi wachache, spishi gani, iliyotambuliwa na nani na kwa utaratibu upi. Mwaka 2019 Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea ulipitisha utaratibu rasmi wa kutambua Bactrocera dorsalis, ukiwa na namba 29 katika mfululizo wake, na utaratibu huo hauwezi kufuatwa na maabara iliyopokea madume wawili waliofifia wasio na lebo.

Mwaka 2006 spishi nyingine ya Asia, Bactrocera latifrons, ilikutwa Tanzania, katika matunda ya jamii ya nyanya na mnavu. Dume wa nzi huyu hafuati methili-eujenoli. Mitego iliyomkamata dorsalis kwa maelfu ilining'inia miembeni bila kuwa na la kusema juu yake, na waliompata ni watu waliokuwa wamebeba matunda hadi maabara, wakayapanga juu ya mchanga, na kungoja kila kitakachotoka.